Rimoti Ikifa, Mota Haijafa

Kuna maneno ya mafundi wa mageti na milango ya gereji ambayo yamenikera kwa muda mrefu, na leo nimeona niyaandikie: "Hii ni ya zamani, rimoti zake hazitengenezwi tena, itabidi ubadilishe mota yote."

Mimi nasema hapana. Sisemi kwamba fundi anadanganya. Mara nyingi rimoti za aina hiyo kweli hazipatikani tena, ukizunguka Luthuli Avenue yote utarudi mikono mitupu. Lakini kati ya "rimoti hazipatikani" na "badilisha mota yote" kuna hatua kadhaa ambazo zimerukwa, na hizo hatua zilizorukwa ni pesa zako.

Kwanza tuelewane. Nikisema gereji sina maana ya gereji ya makanika. Nina maana ya kile chumba cha gari kilichoungana na nyumba, chenye mlango unaopanda juu wenyewe. Hapa Nairobi wenye milango hiyo si wengi, wengi wetu tuna geti la chuma la kuteleza lenye mota pembeni. Haidhuru. Ukifungua kifuniko, utakuta mambo ni yale yale.

VITU VINNE, SI KIMOJA

Sisi tuliosomea tarakilishi tunafundishwa kugawanya tatizo kubwa kuwa matatizo madogo kabla ya kugusa chochote. Hebu tugawanye hili. Mfumo wa kufungua mlango una sehemu nne: mota na gia zake, bodi inayoiamuru mota, risiva inayosikiliza hewani, na rimoti iliyo mfukoni mwako.

Mota na gia ni chuma. Zikipakwa grisi na zisipoingiwa na maji zinaweza kufanya kazi miaka mingi sana. Rimoti ni kijisanduku cha plastiki ambacho huanguka kwenye simiti, hufuliwa ndani ya suruali, hutafunwa na mbwa na hukaliwa kwenye kiti cha gari. Yaani sehemu yenye maisha mafupi kuliko zote ndiyo imepewa mamlaka ya kuamua maisha ya sehemu yenye maisha marefu kuliko zote. Kama programu ingeandikwa hivyo, mwandishi wake angeulizwa maswali magumu.

JE, IMEKUFA KWELI?

Kabla ya kuzika, hakikisha kuna maiti. Rimoti nyingi za aina hii hutumia betri ndogo ya volti 12 inayoitwa 23A, au ile bapa kama sarafu ya volti 3, CR2032. Ipime kwa mita. Taa ndogo ya rimoti kuwaka si ushahidi kwamba betri ni nzima, kwa sababu taa inaweza kuwaka kwa nguvu ambayo haitoshi kufikisha mawimbi getini. Dalili ya betri iliyochoka ni kwamba zamani ulifungua ukiwa mbali, sasa mpaka ulibusu geti. Na usiogope kuitoa. Kwenye rimoti nyingi msimbo umehifadhiwa kwenye kumbukumbu isiyohitaji stima, haupotei ukibadilisha betri.

Betri ikiwa nzima, angalia vibati vinavyoishika. Kutu ya kijani isugue kwa pamba yenye spiriti. Kisha angalia kile kitufe kidogo chenye miguu minne kilicholehemiwa kwenye bodi. Hicho ndicho huchoka, maana ndicho kinachobonyezwa kila siku. Kukibadilisha ni kazi ya dakika chache kwa mtu mwenye chuma cha kulehemu, na vitufe hivyo huuzwa kwa bei ya peremende.

Onyo dogo: ule ujanja wa kuielekeza rimoti kwenye kamera ya simu uone kama inatoa mwanga haufanyi kazi hapa. Rimoti ya televisheni hutumia mwanga usioonekana kwa macho, na kamera nyingi huuona. Rimoti ya geti hutumia mawimbi ya redio. Ukitaka kuyaona unahitaji kifaa cha kupokea redio kinachochomekwa kwenye tarakilishi, na programu ya kuchora mawimbi. Ninacho kimoja, na kimeshamaliza mabishano mengi. Ukibonyeza na mstari ukatokea kwenye skrini, rimoti ni hai na tatizo liko upande wa risiva.

Pia jua masafa. Rimoti nyingi zinazouzwa madukani kwetu hutumia 433.92 MHz. Mota nyingi za zamani kutoka Afrika Kusini zilitumia 403 MHz. Za Marekani hutumia masafa kama 315 na 390. Ukinunua ya 433 kwa risiva ya 403, utabonyeza mpaka kidole kiote sugu.

WAYA MBILI

Sasa tuseme umehakikisha: rimoti imekufa na mpya hazipatikani. Hapa ndipo fundi anapotoa bei ya mota mpya.

Mtaa wetu una nyumba kumi na mbili na geti moja. Rimoti zilipungua moja baada ya nyingine mpaka zikabaki mbili, na mlinzi akawa anaamshwa saa nane za usiku kusukuma geti kwa mkono. Mzee ni mtu wa umri wa baba yangu. Kamati ikaita kampuni fulani, ikaja, ikaangalia kwa dakika tano, ikaandika bei ya mota mpya: zaidi ya elfu sitini. Mwenyekiti akaniuliza, "Kijana, wewe si ni mtu wa kompyuta? Hebu tazama kabla hatujachangisha watu." Nikamwambia kompyuta na geti ni vitu viwili, lakini nitatazama.

Nilizima stima, nikafungua kifuniko, nikaangalia bodi. Pembeni kulikuwa na safu ya skrubu za kufungia waya, na mbili kati yake zilikuwa za kitufe cha ukutani. Nikarudisha stima, nikachukua kipande cha waya chenye plastiki, nikagusanisha skrubu hizo mbili kwa nusu sekunde. Geti likafunguka. Mota ilikuwa haina neno. Ilikuwa imekosa tu wa kuiambia.

Siri yote iko hapo. Karibu kila mota ya zamani ina nafasi ya kitufe cha ukutani, na kitufe hicho si kitu ila waya mbili zinazogusana kwa muda mfupi. Bodi haiulizi nani amezigusanisha. Kwa hiyo unanunua risiva ya kujitegemea, ile bodi ndogo inayouzwa pamoja na rimoti zake, yenye rilei ndani. Unaipa stima kutoka kwenye bodi ya mota, kwani nyingi zina mahali pa kutoa volti 12 au 24 kwa vifaa vya ziada. Pima kwanza usije ukaichoma. Unaiweka katika hali ya kugusa na kuachia, si ya kugusa na kubaki. Kisha unaunganisha miguu miwili ya rilei na zile skrubu mbili. Basi. Rimoti mpya inasema na risiva mpya, risiva mpya inabonyeza "kitufe", mota ya zamani inatii. Kwa mtaa wetu risiva na rimoti mbili za kwanza hazikufika elfu tano, na kila nyumba ikajinunulia za kwake.

Kwa mwandika programu, hizo skrubu mbili ni kiolesura bora kabisa. Hakina nywila, hakina toleo la pili linalovunja la kwanza, hakihitaji intaneti, na aliyekibuni hahitaji kuwa hai ili kiendelee kufanya kazi. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

Tahadhari mbili kabla hujakimbilia bisibisi. Stima yetu ni ya volti 240, inaua, kwa hiyo zima kabla ya kugusa chochote ndani. Na kama ni mlango wa gereji wa kupanda juu, usiguse springi zake hata kidogo. Zimekazwa kwa nguvu ya kubeba mlango mzima, zikifyatuka zitakuvunja mkono. Hizo muachie fundi aliyezizoea.

"LAKINI NI KWA USALAMA WAKO"

Hoja kubwa ya wanaouza mota mpya ni usalama. Wanasema ya zamani inaibiwa msimbo kirahisi. Hapa lazima tuwe wakweli: wana haki kwa nusu ya hoja.

Rimoti za zamani kabisa zina swichi ndogo ndogo ndani, nane, kumi au kumi na mbili. Swichi nane ni misimbo 256. Kumi na mbili ni 4,096. Mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza anaona tatizo. Mwaka 2015 Mmarekani Samy Kamkar alichukua kifaa cha watoto cha kutumiana ujumbe, kiitwacho IM-ME, akakigeuza kuwa kifungua milango ya aina hii. Aligundua kwamba risiva nyingi hazijali msimbo ulianzia wapi, zinatazama tu biti za mwisho zilizopita. Kwa hiyo alipanga misimbo ikapandana kwa mfuatano wa kihesabu uitwao de Bruijn, na kazi ya kujaribu misimbo yote ikashuka kutoka karibu dakika 29 hadi karibu sekunde 8. Sekunde nane! Hujamaliza hata kufunga mkanda wa gari.

Kuna na nyingine zinazoonekana za kisasa, hazina swichi, zinafundishwa kwa kubonyeza kitufe kwenye risiva, lakini kila ukibonyeza hutuma msimbo ule ule. Jaribio rahisi: kama ile rimoti ya bei rahisi ya kunakili, unayoiweka uso kwa uso na ya zamani, imefanikiwa kuinakili, basi kwa kawaida msimbo wako haubadiliki. Na kama wewe umenakili kwa dakika moja, aliyeazimwa rimoti kuosha gari naye anaweza.

Dawa yake ni msimbo unaobadilika kila mara. Na hapa Afrika ina sehemu yake katika historia: mfumo maarufu wa KeeLoq ulibuniwa Afrika Kusini miaka ya 1980 katika kampuni ya Nanoteq, kisha mwaka 1995 ukauzwa kwa Microchip ya Marekani kwa takriban dola milioni 10. Rimoti ina kihesabio ndani. Kila ukibonyeza kinasonga mbele na kusimbwa upya, na risiva hukataa namba iliyokwisha kupita. Ndiyo maana mtoto akichezea rimoti mbali na nyumbani, unaweza kulazimika kubonyeza mara mbili mfululizo ili risiva ishike tena hesabu.

Sasa sikiliza nusu ya pili ya hoja. Mambo haya yote hukaa kwenye risiva na rimoti. Mota haina habari nayo. Ukiweka risiva mpya yenye msimbo unaobadilika, umepata usalama bila kutupa hata gia moja. Kumbuka tu kuchomoa ile risiva ya zamani, ama umeweka kufuli mpya mlangoni na kuacha dirisha wazi.

Na usidanganywe kwamba siri za kampuni ndizo zinazokulinda. Auguste Kerckhoffs aliandika mwaka 1883 kwamba mfumo mzuri ni ule unaobaki salama hata adui akiujua wote, mradi hana ufunguo. KeeLoq ilifichwa, na bado mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr mjini Bochum, Ujerumani, walionyesha kwamba kwa kupima umeme unaotumiwa na chipu wanaweza kuutoa ufunguo mkuu wa mtengenezaji, na kuanzia hapo kunakili rimoti kwa kuisikiliza tu hewani. Ufunguo mmoja kwa mageti yote ya kampuni! Siri ya namna hiyo humzuia mwenye nyumba kununua rimoti ya akiba, lakini haimzuii mwizi aliyejipanga.

MAHAKAMA ILIKWISHA SEMA

Suala hili lilifika mahakamani huko Marekani. Chamberlain, mojawapo ya kampuni kubwa za vifungua milango ya gereji, iliishtaki Skylink, kampuni ya Kanada, kwa kuuza rimoti ya bei nafuu iliyoweza kufungua milango ya Chamberlain yenye msimbo unaobadilika. Chamberlain haikudai kwamba rimoti hiyo inasaidia wezi tu. Iliegemea sheria ya hakimiliki ya mwaka 1998, ile iliyotungwa kuzuia watu kuvunja kufuli za filamu na muziki. Yaani kubonyeza kitufe kufungua mlango wako kungekuwa sawa na kuiba programu iliyo ndani ya mota.

Mahakama ya chini iliikataa hoja hiyo mwaka 2003, na tarehe 31 Agosti 2004 mahakama ya rufaa ikaikataa pia. Kwa lugha ya mtaani: aliyenunua mlango amenunua na haki ya kuufungua, na sheria ya kulinda hakimiliki haigeuzwi kuwa rungu la kumzuia mtu kutumia mali yake. Hiyo ni Marekani, si Milimani, na haitufungi sisi. Lakini mantiki yake haihitaji pasipoti.

Ungedhani mambo yangeishia hapo. Kampuni zikapata njia nyingine isiyohitaji hakimu. Kuanzia mwaka 2011 Chamberlain ilileta kizazi kipya cha vifungua mlango ambacho hata kitufe cha ukutani huzungumza kwa msimbo. Ukigusanisha waya mbili hakuna kinachotokea. Zile skrubu zangu nilizozisifu zimetiwa kufuli. Kisha Novemba 2023 kampuni ikatangaza kuzifungia programu zisizoidhinishwa zilizokuwa zikitumia seva za huduma yake ya myQ kuamuru milango. Sababu iliyotolewa ni kwamba watumiaji wachache walikuwa wakileta mzigo mkubwa kwenye seva. Huenda. Lakini kwa nini amri ya kufungua mlango ulio mita tatu kutoka kwako ipite kwenye seva ya mtu mwingine hata ikawa mzigo?

Watu hawakukaa kimya. Kilitokea kifaa kidogo kiitwacho ratgdo kinachofungwa kwenye waya za kitufe cha ukutani na kuongea lugha ile iliyofichwa, bila seva ya mtu. Wengine walitumia akili ya jua kali: wakachukua rimoti nzima, wakaifungua, wakalehemu waya mbili juu ya kitufe chake. Rilei ikibonyeza, rimoti inadhani ni kidole. Hizo waya mbili zimerudi kwa mlango wa nyuma.

NINACHOTAKA

Sitaki mota za bure wala sitaki kampuni zifilisike. Nataka mambo matatu, na naamini kila anayenunua mota leo anaweza kuyadai kabla ya kutoa hata shilingi.

Moja, nafasi ya waya mbili iwepo kwenye bodi na iwe imeandikwa. Muuzaji akishindwa kukuonyesha mahali ambapo kitufe cha kawaida kinaweza kufungwa, tembea duka linalofuata.

Mbili, risiva iwe ya kuchomoka. Misimbo huzeeka upesi kuliko chuma. Kitu kinachozeeka upesi kisilehemiwe kwenye kitu kinachodumu.

Tatu, maelezo ya kufuta kumbukumbu na kufundisha rimoti mpya yabaki na mwenye nyumba, si na fundi peke yake. Ukihamia nyumba mpya, siku hiyo hiyo futa rimoti zote na uanze upya, kwa sababu hujui mpangaji aliyetangulia alimpa nani.

Na kwa wenzangu wanaoandika programu za vifaa hivi, kwa sababu sasa mpaka mageti yana programu: siku mtakapoamua kuacha kuhudumia kifaa fulani, achilieni maelezo ya lugha yake hadharani. Haitawagharimu chochote. Bidhaa hamuiuzi tena, na funguo halisi ziko kwa wenye nyumba.

Kwa hiyo fundi akikuambia rimoti zimekwisha, mshukuru, mpe chai, kisha muulize swali moja tu: "Kitufe cha ukutani kinafungwa wapi?" Akikuonyesha, mpe kazi ya kufunga risiva mpya, alipwe haki yake. Akikwepa swali, tafuta fundi mwingine.